Kisumu hadi Nairobi kwa ndege: kilomita 280, na saa ambazo kikokotoo hakizihesabu

Andika Kisumu na Nairobi kwenye kikokotoo chochote cha umbali wa angani na jibu litakuja papo hapo: kilomita 280 hivi, dakika 20 na kitu. Namba ya kwanza ni sahihi. Ya pili imewafanya watu wengi waingie mikutanoni wakihema. Ndege haiwezi kusafiri kati ya miji hii miwili kwa dakika 20, na hata ingeweza, hizo ni dakika chache tu kati ya zile utakazotumia kutoka mlangoni kwako hadi unakokwenda.

Maoni yetu kuhusu usafiri huu ni mazuri. Anayeanzia Kisumu mjini, Maseno, Vihiga au Kakamega atapata thamani ya pesa yake akiwa na shughuli ya siku moja Nairobi. Anayeanzia Kericho au Nakuru asihangaike nao, na sababu zake tutazieleza kwa hesabu.

Umbali wenyewe

Kutoka uwanja wa Kisumu, ambao kwenye tiketi huandikwa KIS, hadi Jomo Kenyatta (JKIA), yaani NBO kwenye tiketi, mstari ulionyooka una kilomita 280. Hadi uwanja wa Wilson, ambao alama yake ni WIL, ni takriban 269. Kwa barabara ya Kericho na Nakuru unakata kama kilomita 340 hadi 350. Tofauti hiyo inatokana na umbo la barabara: inapanda Kericho, inazunguka kaskazini mwa msitu wa Mau hadi Nakuru, kisha ndipo inageuka kusini kuifuata Bonde la Ufa. Mstari wa angani hauna haja na hayo. Unaelekea kusini mashariki moja kwa moja, unapita karibu juu ya Kericho, unavuka Mau, unaingia Bonde la Ufa ukiacha Ziwa Naivasha na mlima Longonot kushoto na Suswa kulia. Nakuru inabaki upande wa kushoto, kama kilomita 50 kutoka kwenye mstari. Rubani hafuati mstari huo neno kwa neno, maana waongoza ndege humpa njia ya kuingilia Nairobi kulingana na upepo na ndege nyingine zilizopo, lakini ramani ya kichwani ndiyo hiyo.

Kwa hiyo anayependa kutazama nje na atue JKIA, akienda Nairobi asubuhi achague dirisha la kushoto. Naivasha na Longonot ziko huko, na siku ya anga safi hata milima ya Aberdare inaonekana. Akirudi Kisumu, achague kulia.

Kwa nini dakika 20 haziwezekani

Kikokotoo huchukua umbali na kuugawanya kwa mwendo wa ndege kubwa ikiwa juu kabisa, yaani kilomita 800 hadi 900 kwa saa. Safari fupi haiendi hivyo. Kenya Airways hutumia Embraer 190, ndege ya jeti yenye viti 96, ambayo ikishatulia angani hukimbia karibu kilomita 830 kwa saa. Jambojet hutumia Dash 8-400, ndege ya rafadha (propela) yenye viti 78, ambayo hufika kama kilomita 660 kwa saa. Kwenye karatasi jeti ingemaliza kilomita 280 kwa dakika 20 na ile ya rafadha kwa dakika 25 na nusu.

Sasa toa sehemu ya kupanda na sehemu ya kushuka. Chini ya futi 10,000 ndege huwekewa kikomo cha mwendo cha noti 250, ambazo ni kilomita 463 kwa saa. Kupanda hadi kimo cha safari huchukua dakika kadhaa, na kushuka huanza mapema kuliko wengi wanavyodhani. Katika safari hii unaweza kusikia injini zikipunguzwa wakati chai bado inagawiwa. Jeti haipati nafasi ya kutosha kuutumia mwendo wake. Matokeo yake ndege zote mbili hukaa angani dakika 35 hadi 40, na ratiba huandika kati ya dakika 45 na saa moja.

Dakika za ziada kwenye ratiba si uvivu wa kampuni. Muda wa ratiba huhesabiwa tangu ndege inapoanza kusogea kutoka kwenye maegesho hadi inapoegeshwa tena upande wa pili. Ndani yake mna kutembea ardhini, kusubiri ruhusa ya mnara, na foleni ya JKIA. Uwanja huo mkubwa una njia moja tu ya kurukia na kutua. Ndege za masafa marefu zikirundikana alfajiri au usiku, ndege yenu ndogo kutoka ziwani inaweza kuambiwa izunguke angani mara moja au mbili kabla ya kupewa zamu.

Funzo la kununua ni hili: usilipe zaidi kwa ajili ya jeti ukidhani utafika mapema. Lipia saa ya kuondoka inayokufaa. Mabawa ya Dash 8 yapo juu ya madirisha, hivyo hayazibi mandhari ya chini, ila viti vilivyo karibu na rafadha vina kelele. Kaa mbele kabisa au nyuma. Embraer ni tulivu zaidi. Katika daraja la kawaida zote mbili zimepangwa viti viwili kila upande, kwa hiyo hakuna anayebanwa katikati.

Kwa wanaoendelea hadi miji ya kaskazini

Wapo wanaotoka Kisumu kwenda kusoma au kufanya kazi Ulaya ya kaskazini, na huko kosa la kikokotoo hujirudia kwa sura nyingine. Karibu na ikweta, nyuzi moja ya longitudo ina kilomita 111 hivi. Kwenye latitudo ya 60, zilipo Stockholm na Helsinki, imesinyaa hadi nusu, yaani kama 56. Ukitazama ramani bapa ya ukutani utadhani miji hiyo iko mbali mno, kumbe kutoka Arlanda, uwanja wa Stockholm, hadi Helsinki ni kilomita 400 tu. Kikokotoo kitakwambia nusu saa, ratiba itasema saa nzima.

Kisha kuna saa ya ukutani. Helsinki iko mbele ya Stockholm kwa saa moja. Safari ya saa moja inayoondoka Stockholm 10:00 inafika Helsinki 12:00, na ile inayoondoka Helsinki 10:00 inafika Stockholm 10:00 hiyohiyo. Tiketi huandika saa za mahali husika. Asiyejua hilo hudhani safari ya kwenda ni ya saa mbili na ya kurudi haina muda kabisa, halafu anapanga vibaya ndege ya kuunganisha. Kisumu na Nairobi hazina tatizo hilo. Toa saa ya kuondoka kwenye saa ya kufika na utapata muda halisi wa ratiba.

Tatizo letu sisi ni jingine. Tiketi huandikwa kwa saa za kizungu. 07:00 ni saa moja asubuhi, si saa saba. 13:00 ndiyo saa saba mchana. Ukimkatia tiketi mzazi aliyeko nyumbani, usimwambie tu “ya saba”. Mtumie ujumbe ulioandikwa “saa moja asubuhi, uwe uwanjani saa kumi na mbili kasorobo”. Kosa hili hutokea kwa watu wenye akili timamu kabisa, na tiketi ya bei nafuu mara nyingi hairudishiwi pesa.

Hesabu ya mlango hadi mlango

Chukua mtu wa Milimani, Kisumu, anayekwenda Upper Hill, Nairobi. Teksi au tuktuk hadi uwanjani ni dakika 20, ukipita barabara ya Busia. Kufika dakika 75 kabla ya kuondoka ni busara. Ratiba ya ndege tuseme dakika 50. Kushuka na kusubiri begi JKIA ni dakika 25, au 10 ukiwa na mzigo wa mkononi tu. Kutoka JKIA hadi Upper Hill ni dakika 30 barabara ikiwa wazi, na 90 siku ya jam. Jumla ni saa tatu na dakika 20 siku nzuri, na saa nne na dakika 20 siku mbaya.

Basi kwa safari hiyohiyo huchukua saa saba hadi nane ukiweka kituo cha kula Nakuru na msongamano wa kuingia Nairobi. Kwa hiyo ndege inakuokolea kama saa nne. Hizo ndizo unazonunua. Gawanya tofauti ya nauli kwa nne uone kila saa inakugharimu shilingi ngapi, ndipo uamue.

Ona pia kwamba sehemu kubwa ya kutokuwa na uhakika iko ardhini, upande wa Nairobi. Barabara ya juu ya Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 2022 kutoka Mlolongo hadi Westlands kwa kilomita 27, imebadilisha hesabu hiyo kwa anayekwenda Westlands, ambaye akilipa ada yake huweza kufika kwa dakika 20 hivi. Kwa anayekwenda katikati ya mji bila haraka, matatu za namba 34 bado ndizo za bei ya chini kutoka JKIA.

Wilson ni habari tofauti. Uko kwenye barabara ya Lang'ata, kilomita tano hivi kutoka katikati ya mji, taratibu zake ni fupi na mzigo hutoka haraka. Safarilink hutua huko. Anayekwenda Lang'ata, Karen au Hospitali ya Kenyatta atafika mapema zaidi kupitia Wilson, hata kama ndege yake ni ya mwendo mdogo. Lakini angalia alama kwenye tiketi kabla ya kumwita dereva. Kuna abiria hufika JKIA wakiwa na tiketi ya WIL, na kati ya viwanja hivyo viwili kuna barabara za jiji zima. Ndege haisubiri.

Uwanja wa Kisumu

Huu ndio upande unaostahili sifa nyingi. Jengo ni dogo kiasi kwamba kutoka mlangoni hadi langoni hutembei zaidi ya dakika chache, na foleni ya ukaguzi haina mzunguko mrefu kama wa JKIA. Asiyetaka teksi anaweza kupanda matatu yoyote ya Maseno, Luanda au Busia, ashuke kwenye njia ya kuingilia uwanja na kumalizia kwa bodaboda.

Usidanganywe na udogo huo ukafika dakika za mwisho. Kaunta hufungwa dakika 30 hadi 45 kabla ya kuondoka, kulingana na kampuni, na zikifungwa zimefungwa hata kama ndege unaiona hapo nje. Jiandikishe kwa simu siku moja kabla. Ukiwa na mzigo wa mkononi tu utapita kaunta bila kusimama. Beba kitambulisho chenyewe cha taifa au pasipoti, si picha yake kwenye simu, na kwa mtoto cheti cha kuzaliwa. Jina kwenye tiketi lifanane na la kitambulisho. Kurekebisha jina langoni ni kazi ngumu, na kampuni nyingine hutoza.

Hali ya hewa

Ziwa ndilo linaloamua mengi hapa. Mchana upepo hutoka ziwani kuelekea nchi kavu, unakutana na hewa ya joto na vilima vya Nandi, mawingu yanajijenga, na kuanzia alasiri mvua ya radi hushuka. Machi hadi Mei hali hiyo ni ya karibu kila siku. Ndege haipiti ndani ya wingu la radi. Itachelewa kuondoka, itazunguka, au italazimika kurudi Nairobi. Kwa hiyo safari za asubuhi ni tulivu zaidi, na anayeogopa mitikisiko asikate tiketi ya saa kumi jioni mwezi wa Aprili. Juu ya Mau na ukingo wa Bonde la Ufa hutikisa kidogo hata siku njema. Hiyo ni hewa inayopanda kutoka miteremkoni, haina hatari, ila funga mkanda.

Ucheleweshaji mwingine hutoka kwenye mzunguko wa ndege yenyewe. Ndege moja hufanya safari kadhaa kwa siku, na ikichelewa Mombasa asubuhi, abiria wa Kisumu wa jioni ndio wanaolipa. Kadiri siku inavyosonga, ucheleweshaji hujilimbikiza. Mwenye mahojiano ya kazi, kesi au miadi ya daktari achukue ndege ya kwanza, na asitegemee ya mwisho kurudi ikiwa lazima awe nyumbani usiku huo, kwa sababu ikifutwa hakuna nyingine nyuma yake.

Wenye ndege ya nje kutoka JKIA wasikilize hapa. Ukinunua safari yote kwa tiketi moja, begi lako husajiliwa Kisumu hadi mwisho wa safari na kampuni ina wajibu wa kukuhamishia ndege nyingine ukikosa muunganisho. Ukinunua tiketi mbili tofauti, wajibu huo haupo. Utachukua begi mwenyewe, utabadilisha jengo, utaanza upya kaunta. Acha saa nne kati ya kutua na kuondoka, na msimu wa mvua acha sita.

Mzigo, na samaki

Nauli ya chini kabisa ya Jambojet haijumuishi begi la kupakiwa. Unalinunulia nafasi kando, na ni nafuu kulinunulia wakati wa kukata tiketi kuliko kwenye kaunta. Linganisha bei baada ya kuongeza begi, maana tiketi iliyoonekana rahisi hupoteza urahisi wake hapo. Makabati ya juu ya Dash 8 ni madogo, hivyo begi gumu la magurudumu huenda likachukuliwa mlangoni na kuwekwa chini. Toa pawabenki ndani yake kwanza: hairuhusiwi kwenye mzigo wa chini, na ile ya hadi mAh 27,000 hivi ndiyo inayokubalika bila ruhusa maalumu.

Sasa samaki, maana nani hutoka Kisumu mikono mitupu? Wanaruhusiwa wakifungwa vizuri, na wanakataliwa kaunta kwa sababu moja kuu, majimaji yanayovuja. Ngege (tilapia) au mbuta (sangara) wabichi wasafishwe, wakaushwe kwa kitambaa na kugandishwa usiku mzima hadi wawe kama mawe. Wafunge kwa magazeti tabaka tatu au nne, uwapange ndani ya boksi la kuhifadhi baridi lenye kifuniko cha kubana, na uzungushe utepe wa gundi pande zote. Usiweke barafu ya maji. Kwa safari ya saa nne mlango hadi mlango, samaki waliogandishwa hivyo hawahitaji barafu, na barafu ikiyeyuka ndiyo inayovuja. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku nchini tangu tarehe 28 Agosti 2017, kwa hiyo usiitegemee kama kinga. Samaki wa kukaanga waache wapoe kabisa kabla ya kufungwa, la sivyo mvuke utalowesha boksi. Omena (dagaa) waliokauka watie kwenye ndoo yenye mfuniko wa kukaza. Harufu yao hupenya kila kitu kingine.

Boksi hilo lipime nyumbani. Kilo zikizidi, kaunta hutoza kwa kila kilo ya ziada, na kilo tano za ziada zinaweza kuifanya mbuta ya Kisumu iwe ghali kuliko ya sokoni Nairobi.

Wasiohitaji ndege hii

Kutoka Kericho hadi uwanja wa Kisumu ni kilomita 80 na kitu, karibu saa mbili kwa matatu, tena ukirudi nyuma kinyume na unakokwenda. Ukijumlisha saa tatu za hesabu ya juu umefikisha tano, muda uleule wa gari la moja kwa moja hadi Nairobi. Nakuru iko kilomita 160 tu kutoka Nairobi. Barabara haina mshindani. Kisii, kama kilomita 115 kutoka Kisumu, hesabu inatoka sare, na wengi hupita Bomet na Narok kwa gari. Kakamega iko kilomita 50 hivi, na kwa wao ndege bado inaokoa saa mbili au tatu.

Walio kaskazini zaidi, Kapsabet na Nandi kwa ujumla, waangalie Eldoret kabla ya Kisumu. Kutoka hapo hadi JKIA angani ni kilomita 268, karibu sawa kabisa na kutoka Kisumu, na uwanja wenyewe uko kusini mwa mji wa Eldoret, upande wa barabara ya Kapsabet, kwa hiyo hulazimiki kuingia mjini kuufikia.